Sungura asishindishwe njaa kabla ya kuhasiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu mwaka 2021, pale sungura wetu dume, aliyeitwa Pamba, alipohasiwa asubuhi, akarudi nyumbani jioni akiwa ameshazinduka, kisha akafa usiku wa siku ya pili. Siandiki kumlaumu mtu. Naandika kwa sababu hapa Morogoro nawaona majirani wakiwafugia watoto wao sungura ndani ya nyumba kama wanavyofuga paka, nao wanapoulizia habari za kuhasi hupewa maelekezo yale yale tuliyopewa sisi, ambayo ni ya mbwa.

Kosa la kwanza lilitendeka kabla ya kisu kumgusa. Tuliambiwa Pamba asile kitu tangu saa mbili usiku, nasi tukatii, tukaondoa nyasi na majani yote bandani, na mwanangu akachelewa kupata usingizi kwa kumsikia akikwaruza wavu. Agizo hilo lina maana kwa mbwa na paka, kwa kuwa mnyama aliyepigwa nusu kaputi akiwa ameshiba anaweza kutapika, na matapishi yakamwingia mapafuni. Sungura hatapiki, hakuumbwa na uwezo huo. Hatari yake yeye ni njaa: utumbo wake umezoea kupokea nyasi mchana na usiku, na chakula kikikatika hupunguza mwendo, gesi ikajaa, maumivu yakamkatisha hamu, na kadiri anavyokosa kula ndivyo utumbo unavyozidi kusimama. Kwa hiyo nyasi kavu na maji viwe mbele yake mpaka karibu na saa ya upasuaji, daktari amsafishe tu mabaki yaliyomo mdomoni, na mwenye mnyama abebe mfuko wa majani aliyoyazoea ili ayakute pale pale anapozinduka.

Kosa la pili lilikuwa letu wenyewe. Pamba aliporudi alijikunyata pembeni, mgongo umepinda, macho nusu yamefumba, na kila aliyemchungulia alisema mwacheni apumzike. Matembele tuliyomwekea yalinyauka bila kuguswa. Asubuhi nilipofagia banda sikuokota hata gololi moja ya kinyesi, na badala ya kushtuka nikafurahi kwamba hakuchafua. Nilipomsogelea nilisikia akisaga meno kwa nguvu, nikadhani anatafuna. Leo najua kwamba kusaga meno kwa namna ile, pamoja na ule mkao wa kujikunyata, ni kilio cha maumivu cha mnyama ambaye ni nadra kulia kwa sauti.

Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya mwaka 2002 na 2004 kuhusu vifo vinavyohusiana na dawa ya usingizi uliona kwamba sungura waliokufa walikuwa asilimia 1.39, wakati mbwa walikuwa asilimia 0.17 na paka asilimia 0.24. Kilichonigusa zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya sungura hao walikufa baada ya upasuaji kumalizika. Kwa maneno mengine, kazi kubwa ya kumwokoa inabaki mikononi mwa yule anayempokea, yaani baba, mama au mtoto aliyekuja na tenga kumchukua.

Mwaka jana tulimpeleka jike wetu, Shani, kutolewa kizazi. Tulifanya hivyo kwa sababu sungura majike wasiotolewa kizazi hupatwa sana na saratani ya mji wa mimba, hasa wanapovuka umri wa miaka 4, nami sikutaka kumpoteza kwa jambo linalozuilika. Safari hii tulijiandaa. Tulitoa maranda yote bandani, kwa kuwa yanaganda kwenye mshono, tukatandika magazeti na juu yake taulo safi. Tuliondoa kile kijukwaa anachopenda kurukia. Kwa kuwa mnyama anayetoka kwenye nusu kaputi hupoteza joto haraka, tulijaza chupa maji ya uvuguvugu, tukaizungushia khanga na kuiweka upande mmoja tu wa banda ili akizidiwa na joto aweze kusogea.

Alirudi na dawa ya maumivu ya siku kadhaa, na hapo ndipo nasisitiza: mwenye sungura asiondoke kliniki bila kuiulizia, kwa maana sungura anayeumwa hataki kula. Tulimwekea nyasi kavu, giligilani na majani ya karoti, nikakaa naye sakafuni. Saa nne usiku alikuwa hajala. Sikungoja kukuche. Nililoweka chakula chake cha punje katika maji ya vuguvugu mpaka kikawa uji, nikauvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikampa kidogo kidogo kwa ubavu wa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, nikimwachia nafasi ya kumeza kila mara ili asipaliwe. Karibu na alfajiri alinyoosha shingo akachukua jani moja la giligilani mwenyewe, na kulipokucha nilikuta gololi tano, ndogo na kavu kuliko kawaida. Nilizihesabu mara mbili. Angepitisha muda wa saa 12 bila kula, au siku nzima bila kinyesi, ningerudi naye kwa daktari hata kama ni Jumapili.

Mshono tuliutazama asubuhi na jioni kwa siku 10. Wekundu kidogo siku za mwanzo si jambo la kutisha, lakini uvimbe unaokua, usaha, au uwazi kati ya nyuzi havingoji kesho. Katika joto letu kuna adui mwingine, inzi, ambaye hutaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa mkojo, na funza wakishatoka huanza kumla mnyama akiwa hai. Kwa hiyo matandiko yabadilishwe kila siku. Ile kola pana wanayovishwa mbwa wasirambe kidonda tuliikataa kwa ushauri wa daktari, kwani humzuia sungura kula kile kinyesi laini anachokihitaji kwa lishe yake.

Wapo wanaokimbilia duka la dawa kununua amoksilini wakidhani wanamsaidia. Wasithubutu. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura, vibaya vikashamiri, na mnyama akafa kwa kuhara. Wapo pia wanaohasi madume nyumbani kwa wembe kama wafanyavyo kwa beberu. Kwa sungura, njia inayotoka tumboni kwenda kwenye korodani hubaki wazi maisha yote, na isipofungwa na mwenye ujuzi utumbo unaweza kuteremka na kutokeza nje. Tena dume aliyehasiwa leo atengwe na majike kwa muda wa wiki 4 hadi 6, kwa sababu bado anaweza kutia mimba.

Ombi langu kwa waganga wa mifugo ni dogo. Kila sungura anayekabidhiwa kwa mwenyewe baada ya upasuaji apewe na karatasi moja ya Kiswahili inayosema alishwe nini usiku huo, dawa ya maumivu apewe saa ngapi, kinyesi kitarajiwe lini, na nambari gani ipigwe mambo yakiharibika. Mtu anapomchukua mnyama wake jioni, akiwa na wasiwasi na mtoto anamvuta shati, maelezo ya mdomo hayakai kichwani. Karatasi niliyoiandika kwa ajili ya Shani bado ninayo, na kliniki yoyote ya Morogoro itakayopenda kuinakili, nitaipeleka kwa mkono wangu.

Mfugaji wa sungura,
Morogoro