Kaka, karatasi unayoiogopa inasomwa mezani kwako

Kaka yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu haya mambo tukiyazungumza nyumbani hukatizwa na simu yako, au na machozi ya wifi. Jina lako sitalitaja, wala la mtoto. Najua wako akina kaka wengi ambao barua hii itawafikia, na kila mmoja atadhani ni yeye ninayemsema. Na iwe hivyo.

Hoja yako naijua. Husemi kwamba mtoto hana kitu. Wewe ni mtu makini, umeshaona. Unachosema ni kwamba wataalamu wakiandika "usonji" (autism), ile hali ya kukua kwa ubongo inayomfanya mtu awasiliane na watu kwa namna yake, kwenye faili lake, faili hilo litamfuata shuleni, litamfuata kwenye maombi ya kazi, na milango itafungwa hata hajabisha hodi. Afadhali akue bila karatasi. Kila wifi akigusia uchunguzi, jibu ni hilo hilo: tusimharibie mtoto maisha.

Nimelitafakari sana jibu hilo, maana halitoki kwa mtu wa hivi hivi tu. Linatoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuajiri. Wewe ndiye unayekaa kwenye jopo la usaili na kuchambua wasifu wa waombaji. Unajua karatasi ya namna hiyo husomwa vipi kwa sababu wewe ni mmoja wa wanaoisoma. Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli kabisa, ila nadhani umeielekeza kwa mtoto wakati ilipaswa ielekee ofisini kwako.

Nianze na mtoto. Akitaka kutoka nje haonyeshi kwa kidole. Anakushika mkono, anaupeleka kwenye kitasa, na wakati wote huo hakutazami usoni. Siku hizi ameongeza na maneno: anasema "funga mkanda", kwa sauti yako kabisa, kwa kuwa ndiyo maneno anayoyasikia kila mnapopanda gari. Watu wakimsikia wanacheka. Mimi namsikia mtoto anayeomba kutoka kwa maneno pekee aliyo nayo. Mwenzake wa umri ule akiona ndege angani atamnyooshea kidole, halafu atageuka kukutazama kuhakikisha na wewe umemwona. Kule kugeuka ndiko wataalamu wanakokutafuta, kuliko hata idadi ya maneno.

Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouthibitisha. Mtaalamu anakaa na mtoto, anacheza naye, anamwangalia anavyowasiliana na watu, anavyorudiarudia mambo, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, halafu anawauliza wazazi historia yote tangu uchanga. Kabla ya hapo mtoto anapimwa masikio, maana asiyesikia vizuri naye huchelewa kusema na haitiki akiitwa. Ni kazi ya subira, lakini si uchawi. Usonji huweza kutambuliwa kwa uhakika mtoto akiwa hata na miaka miwili. Lipo dodoso liitwalo M-CHAT, maswali 20 ya ndiyo au hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Halitoi uamuzi, linasema tu nani apelekwe mbele. Muuguzi wa kliniki ya watoto anaweza kumuuliza mama maswali hayo akiwa bado kwenye foleni ya kupima uzito. Wifi hakuulizwa na mtu. Walimpima mtoto, wakamchoma sindano, wakamwambia watoto wa kiume huchelewa kusema.

Na kabla hujasema ni hizo sindano za chanjo zilizomletea, maana nimekusikia: utafiti wa Andrew Wakefield wa mwaka 1998, ulioanzisha maneno hayo, ulihusu watoto 12 tu. Jarida la The Lancet liliufuta mwaka 2010, na mwaka huo huo Uingereza ikamfuta yeye kwenye rejesta ya madaktari. Tafiti kubwa zilizofuata hazikukuta uhusiano wowote. Mada hiyo tuifunge. Tuifunge pia ile ya wifi kumwachia mtoto simu, na ile ya wifi kufanya kazi mpaka karibu na kujifungua. Kulikuwa na kipindi wataalamu wenyewe waliwalaumu akina mama, wakidai ubaridi wao ndio unaozaa usonji, na wanawake wengi walibeba mzigo huo bure.

Utasema wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu. Kweli. Ndiyo maana sipendi watu wanaposema tusubiri majibu ndipo tuanze. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyotengenezwa ili yafundishwe na watu ambao si mabingwa: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, kwa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9. Mzazi anafundishwa kuingia kwenye mchezo wa mtoto badala ya kumtoa kwenye mchezo wake, kumpa nafasi ya kuomba, kuelewa kile kilichotangulia kabla hajalipuka. Mwanao akishika mkono wako auweke kwenye kitasa, unasema "fungua", unangoja kidogo, kisha unafungua. Hilo halihitaji cheti. Cheti kinahitajika kwa mambo mengine: mwalimu asimwite mkaidi, apate mtaalamu wa tiba ya usemi, na siku moja ajijue yeye ni nani. Wapo watu, hasa wanawake, wanaogundulika wakiwa watu wazima baada ya kuigiza miaka yote, wanakariri namna ya kucheka na wapi pa kuangalia mtu anapozungumza, na jioni wanarudi nyumbani wamekwisha. Hao ndio waliokua bila karatasi, kaka. Usidhani walikuwa salama.

Sasa hii ya kwamba karatasi inafunga milango. Mtoto wa kwanza kuelezwa katika ripoti ya watoto 11 iliyoeleza usonji, aliyoichapisha daktari Leo Kanner mwaka 1943, aliitwa Donald Triplett, wa Mississippi, Marekani. Alikuwa bado mdogo sana wazazi wake walipomweka kwenye taasisi kwa ushauri wa madaktari, kisha wakamrudisha nyumbani. Baadaye aliishi kwa mkulima mmoja na mkewe. Kanner aliwatembelea mwaka 1945, na alichokikuta huko mimi nakipenda kuliko nadharia zake zote. Donald alikuwa na ugonjwa wa kupimapima vitu; wakamchimbisha kisima, awape taarifa ya kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakampa farasi na plau, akahesabu huku analima. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakamtengea kipande cha ardhi awe anawazika. Hawakuwa na shahada yoyote ya mambo haya. Walimtazama tu anavyoelekea, wakamwekea kazi huko huko.

Alimaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki kwa miongo mingi katika mji wake, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akacheza gofu, akasafiri nchi za watu, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Najua utaniambia benki ilikuwa ya familia. Ndiyo, ilikuwa ya familia, na hapo ndipo ninapotaka ufike. Wenzake kadhaa kwenye ripoti ile waliishia kwenye hospitali za serikali za wagonjwa wa akili, na Kanner alipowafuatilia mwaka 1971 aliandika kwamba kuingizwa humo kulikuwa sawa na kifungo cha maisha. Wote walikuwa na jina moja la hali yao kwenye faili. Kilichowatenganisha zaidi ni nani alikuwa upande wa pili wa meza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ofisini kwenu mko mamia. Piga hesabu. Ama umeshawaajiri na hawasemi, ama mchujo wenu unawatoa mapema.

Mimi nadhani ni yote mawili. Nilisoma tangazo lenu la mwezi uliopita la nafasi ya mtunza kumbukumbu. Mtu wa kukaa na mafaili, kuyapanga, kugundua lililokosewa. Sifa ya kwanza mliyoiandika: "awe mchangamfu na mwenye uwezo mkubwa wa kujieleza". Ya pili: "anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira yanayobadilikabadilika". Mafaili yanabadilika wapi, kaka? Hizo ni sifa za kunakili kutoka tangazo hadi tangazo, na kila zinaponakiliwa zinamtoa mtu ambaye angeipenda kazi hiyo. Halafu anayepita anaingia kwenye chumba chenye watu watano anaulizwa "tueleze kuhusu wewe", swali lisilo na mwanzo wala mwisho, na anakatwa maksi kwa kutowatazama machoni.

Kuna njia nyingine, na si za kubahatisha. Denmark kuna kampuni iitwayo Specialisterne, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, ili kuwaajiri watu wenye usonji kwenye kazi za kompyuta. Badala ya usaili wa maneno, waliwapa waombaji roboti za Lego wazijenge na kuziendesha, wakawaangalia wanavyofikiri. SAP, kampuni ya programu za kompyuta ya Ujerumani, ilianza mpango wake wa kuajiri watu wenye usonji mwaka 2013. Ila usikimbilie kuniambia kwamba kumbe wote ni wataalamu wa kompyuta. Hadithi hiyo nayo imeumiza wengi. Wako wanaopenda mimea, wako wanaopenda injini, na wako ambao hawatafanya kazi ya mshahara kabisa na watahitaji msaada wa kila siku maisha yao yote. Hao nao ni watu kamili, na mpango wowote usiowataja mimi siuamini.

Kwako wewe, mambo ni madogo kuliko unavyodhani. Tuma maswali ya usaili siku mbili kabla. Mpe mwombaji saa moja ya kazi yenyewe badala ya maswali. Maagizo yaandikwe, yasitolewe mlangoni wakati watu wanaondoka. Mruhusu mtu avae vizuia kelele masikioni. Ratiba ikibadilika, ajulishwe mapema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unaitaja haki ya kazi kwenye Ibara ya 27, na unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi. Kwa hiyo sikuombi fadhila.

Jambo jingine ni majirani. Mnamficha, na nawaelewa. Lakini watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani ghafla bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Jirani asiyejua atamwona mtoto anapita peke yake na atadhani katumwa. Jirani anayejua atamshika mkono na kukupigia simu. Hakuna mtaalamu anayeweza kufanya kazi hiyo. Mwambie jirani wa kulia, mwambie na wa kushoto, waambie asipoitika msimpigie kelele, mkaribieni taratibu, na mwambieni "funga mkanda", atawafuata.

Wifi ameniambia amepata nafasi ya kumwona daktari wa watoto wiki ijayo, na anasubiri neno lako. Mkienda, chukua na video fupi kwenye simu: akiwa anacheza peke yake, akiitwa jina, akiwa na watoto wenzake, akitaka kutoka. Mbele ya mgeni anaweza akatulia tu, mkarudishwa na yale yale ya watoto wa kiume. Omba apimwe masikio. Andikeni maneno yote anayoyasema na huyasema wakati gani. Mdogo wake nitabaki naye mimi, hilo lisikupe sababu ya kuahirisha.

Mdogo wako,
shangazi yake