Kuku wamenikuta chuoni

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mimi nilienda chuo Morogoro kusoma uhasibu, kuku nilikuwa nawajua kwenye sahani tu. Mwaka wa pili mama mwenye nyumba akasafiri akaniachia matetea wake sita na jogoo, basi mmoja akaatamia chini ya ngazi na siku ya 21 nikiwa na kikombe cha chai mkononi nasikia pyii pyii ndani ya yai halijapasuka hata, aisee nilichelewa kipindi. Nikaanza kufuga wangu, wakafika 30, halafu kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kikapita, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, wakabaki wanne. Kosa langu, sikuchanja. Ila mhariri, chanjo yenyewe ni tone moja tu jichoni kila miezi mitatu, lakini kichupa ni cha kuku mia na kuendelea na ukishachanganya hakikai, sisi wa kuku kumi tufanyeje? Mtaani kwetu sasa tunachangishana, Jumamosi jioni nazunguka na kichupa nyumba kwa nyumba. Maduka ya mifugo watuletee vichupa vidogo jamani.

Mhasibu wa kuku,
Morogoro