Risala ya Kikundi cha Watumiaji wa Linux kwa Mgeni Rasmi: Ombi la Diski za Masasisho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa hafla,
Walezi wetu, walimu na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tunatambua kwamba umeacha kazi kubwa kuja kutusikiliza, hivyo hatutakuchelewesha kwa mambo yasiyo ya lazima.

Kikundi chetu kilianza na kompyuta mbili kuukuu na wanachama wachache wenye moyo. Leo tuna kompyuta 24 zinazofanya kazi, zote zikitumia Debian 12, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux. Tuliichagua Debian kwa sababu mradi huo, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hautozi ada, na kwa sababu diski zake hubeba vifurushi vya programu vyenyewe. Mwenye DVD ya kwanza anaweza kusakinisha mfumo mzima, pamoja na programu za kuandikia na za kuchorea, bila kuhitaji intaneti. Chumba chetu hakina intaneti, kwa hiyo bila diski hizo kikundi hiki kisingekuwapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Kila mwanachama anaweza kusakinisha mfumo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kugawa diski kuu na kuweka watumiaji, bila kusimamiwa. Diski zetu zote zina namba na daftari lake la kuazima. Tumeandaa mwongozo kwa Kiswahili unaoanzia kwenye kitufe cha kuwasha hadi kwenye amri za apt, programu inayosakinisha na kusasisha vifurushi. Tumefufua kompyuta ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Haya yote tumeyafanya kwa nguvu zetu wenyewe, nasi tunajivunia.

Baada ya hayo, tunaomba usikivu wako kwa jambo moja tu. Yako mahitaji mengine, ya meza, viti na nyaya za umeme, lakini leo tunayaacha kwa makusudi ili hili moja lisifunikwe.

Tunaomba diski za masasisho.

Diski ya kusakinisha ni picha ya siku ile ilipotengenezwa. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023, na kompyuta iliyosakinishwa kwa diski ya siku hiyo bado inaishi siku hiyo. Baada ya hapo, hadi Debian 13 ilipotoka mwaka 2025, Debian ilikuwa ikiitolea toleo dogo la marekebisho kila baada ya takriban miezi miwili hadi mitatu, na marekebisho ya usalama hutoka bila kusubiri tarehe. Mwenye intaneti huyapata kwa amri mbili. Asiye nayo hayapati kabisa, mpaka mtu amletee mkononi.

Tumewahi kuulizwa, tena na wageni wenye hadhi kama yako, kwamba kompyuta isiyounganishwa popote inaogopa nini. Tunajibu kwa mifano miwili. Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika libwebp, maktaba inayofungua picha za aina ya WebP, ambapo picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuendesha programu ya mshambuliaji. Picha husafiri kwa flashi, haihitaji waya wa mtandao. Oktoba mwaka huohuo ikajulikana kasoro katika glibc, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka ya msimamizi mkuu. Kompyuta zetu hutumiwa na watu wengi kwa zamu. Kasoro zote mbili zilirekebishwa na Debian ndani ya muda mfupi, lakini ziko katika diski ya Juni 2023, na hiyo ndiyo tuliyonayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni katika hafla zetu. Tuliliwasilisha katika hafla ya kwanza, tukaahidiwa diski ndani ya mwezi mmoja. Tukaliwasilisha tena katika hafla iliyofuata, tukaambiwa yuko ofisa atakayelishughulikia, ila jina lake hatukupewa. Makofi yalipigwa, picha zikapigwa, na kasha tuliloliandika "Masasisho" bado ni tupu kabatini. Hatusemi haya kwa kumlaumu yeyote. Tunayasema ili, utakapotujibu, ujue kwamba neno "tutaangalia" tumeshalisikia mara mbili.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba kuna tulichopokea, na tulishukuru. Mara ya kwanza zililetwa DVD kumi zenye lebo nzuri. Zilikuwa za arm64, aina nyingine ya kichakataji, wakati kompyuta zetu 22 ni za amd64 (biti 64) na mbili ni za i386 (biti 32), kwa hiyo hakuna hata moja iliyoanza kwa diski hizo. Neno moja katika jina la faili, lililosomwa kabla ya kupakua, lingeokoa diski zote kumi.

Mara ya pili ililetwa flashi iliyojaa mafaili ya .deb, yaani vifurushi vya Debian, yaliyokusanywa hapa na pale bila Packages, orodha ambayo apt huisoma kujua vilivyomo. Hili linahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndilo kosa ambalo mtu mwenye nia njema hulifanya kwanza. Ukiingiza mafaili hayo kwa amri dpkg -i *.deb, dpkg, programu inayosakinisha kifurushi kimoja kimoja, huyafungua, kisha hukwama pale kifurushi kimoja kinapohitaji kingine kisichokuwamo. Ukiandika dpkg -l, mwanzoni mwa mstari unaona herufi iU badala ya ii: kifurushi kimefunguliwa lakini hakijasanidiwa. Maktaba moja tu ya LibreOffice, programu ya kuandikia, ikikosekana, vifurushi vyake vingine kadhaa hubaki na iU na programu haifunguki. Na apt --fix-broken install, ambayo ndiyo dawa ya kawaida, huitafuta maktaba hiyo kwenye intaneti ambayo haipo, au hupendekeza kukiondoa kile ulichokuja kukisasisha. Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi kabla ya msaada inaacha kufanya kazi baada ya msaada. Ndiyo maana hatuombi mafaili ya .deb. Tunaomba diski iliyoandaliwa kama ghala kamili, yaani vifurushi vyote pamoja na orodha yake, na maandalizi yake tunayaeleza hapa hatua kwa hatua ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kwanza, kila kompyuta ina faili /var/lib/dpkg/status, ambalo ni daftari la vifurushi vyote vilivyomo pamoja na matoleo yake. Ni la megabaiti chache tu. Sisi tutaleta nakala ya faili hilo kutoka kila kompyuta, zote kwenye flashi moja.

Pili, kompyuta yenye intaneti inayotumia Debian 12 inasasisha orodha zake kwa apt-get update, ikiwa na mistari yote mitatu ya maghala ya Debian 12, ambayo jina lake la utani ni bookworm: bookworm, bookworm-updates na bookworm-security. Anayeusahau mstari wa tatu huandaa diski isiyo na marekebisho ya karibuni ya usalama, na apt haitamwonya. Kisha, kwa kila faili tuliloleta, inaendeshwa apt-get -o Dir::State::status= ikifuatwa na njia ya faili hilo, halafu --print-uris -y dist-upgrade. Matokeo ni anwani za vifurushi vinavyohitajika, ukubwa wake na alama za uhakiki. Hesabu ya zile mbili za i386 inafanywa peke yake, kwa orodha za i386.

Hesabu hii ni lazima ifanyike upande wenye intaneti. Wapo wanaoifanya kwenye kompyuta isiyounganishwa, wakabeba anwani kwenda kupakua. Orodha za huko ni za zamani, kwa hiyo anwani zinaelekeza kwenye matoleo ambayo ghala limekwisha kuyaondoa, na kila upakuaji hurudisha 404, yaani faili halipo. Ukiwa huna njia nyingine, inabidi uende mara mbili: safari ya kwanza kuchukua orodha, ya pili kuchukua vifurushi.

Tatu, vifurushi vikishapakuliwa na kuhakikiwa, vinaingizwa katika ghala dogo kwa reprepro, programu ya kuandaa maghala, na ghala linatiwa saini kwa ufunguo wa GPG, programu ya saini za kidijitali. Ufunguo wa wazi tutauweka katika /usr/share/keyrings ya kila kompyuta, mara moja tu. Tunajua ipo njia ya mkato ya kuandika trusted=yes ili apt isiulize saini. Hatuitaki. Diski inayopita mikono mingi ndiyo inayohitaji saini kuliko zote. Pia ghala la usalama likinakiliwa lilivyo, faili lake la Release, ambalo ni muhtasari wa ghala uliotiwa saini, lina tarehe ya mwisho ya siku chache, na diski ikichelewa njiani apt huikataa kwamba imepitwa na muda. Ghala dogo la reprepro, lisipowekewa tarehe hiyo, halina tatizo hilo.

Nne ni kuchoma, yaani kuandika ghala kwenye DVD, na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Tumia DVD-R, si DVD-RW, kwa sababu visomeo vyetu vikuukuu huona kwa shida uso hafifu wa DVD-RW. Choma kwa kasi ndogo, 4x inatosha, kisha usomeshe mafaili yote kutoka kwenye diski yenyewe kwa sha256sum -c, amri inayolinganisha alama za uhakiki, na si kutoka kwenye folda ulikoyatoa. Diski yenye doa moja hukubali kufunguka, ikaorodhesha kila kitu, halafu ikafa katikati ya keneli, kiini cha mfumo, kwa "Input/output error". Kwa kompyuta zinazofanana kama zetu, masasisho ya miezi miwili huenea katika DVD moja ya GB 4.7.

Na kabla ya kuchoma, tafadhali tangazo la Debian lisomwe. Desemba 2023 keneli 6.1.64-1 ilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu data kwenye mfumo wa mafaili wa ext4. Debian ilizuia mafaili ya kuchomea diski za toleo dogo la 12.3, ikatoa 12.4 tarehe 10 Desemba. Aliyeunganishwa na intaneti alipata tiba baada ya siku chache. Ambaye angepewa diski yenye keneli ile angekaa nayo miezi miwili.

Kwa upande wetu kazi iliyobaki ni nyepesi na tunaiweza: kupachika diski, kuzima kwa alama ya # mistari mingine ya sources.list, faili linaloiambia apt pa kuchukua vifurushi, kuweka mstari wa file:/media/cdrom wenye signed-by, yaani unaotaja ufunguo wa saini, kisha apt-get update na apt-get dist-upgrade, mpaka kompyuta ya 24. Kikwazo kimoja tu kinatushinda kwa mikono mitupu. Betri za CR2032, zinazotunza saa ya kompyuta, kwenye baadhi ya ubao mama zimekufa, kwa hiyo kompyuta ikizimwa tarehe hurudi nyuma miaka. Apt ikiona saini ya kesho kutwa hudai kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika, na hugoma. Tunarekebisha tarehe kwa mkono kila asubuhi, na siku tukisahau mwanachama hudhani diski ni mbovu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni hili. Ofisi yako ina intaneti ya kudumu. Tunaomba mtu mmoja, kwa jina, akabidhiwe kazi ya kuandaa seti ya masasisho ya Debian 12 kila baada ya miezi miwili. Kila seti iwe na DVD tatu zinazofanana, pamoja na nakala ya ghala hilohilo kwenye flashi kwa kompyuta sita ambazo visomeo vyake vya diski vimekufa. Kwa seti sita zinazotosha mwaka mmoja tunahitaji DVD-R 25, saba kati yake zikiwa za akiba kwa zitakazoharibika, flashi sita za GB 32 zitakazokuwa zikirudi kujazwa upya, na betri 24 za CR2032. Mwanachama wetu atakuja mwenyewe kuchukua. Usafiri si juu yako.

Huenda ukashauriwa kwamba ni heri tupewe Debian 13 yote kwa mkupuo. Tunaupokea ushauri huo kwa zile 22 wakati wake ukifika, na kabla ya kuhama nazo zitapaswa kuwa zimesasishwa kikamilifu katika 12. Zile mbili za biti 32 haziwezi kwenda: Debian 13 haina tena keneli wala diski ya kusakinisha ya i386. Debian 12 itaendelea kupata marekebisho ya muda mrefu hadi tarehe 30 Juni 2028, kwa hiyo diski tunazoomba zitakuwa na kazi.

Nakala ya risala hii imeambatanishwa na flashi yenye mafaili 24 ya status, yaliyonakiliwa jana jioni. Karatasi ya pili ina nafasi mbili tupu, ya jina la mhusika na ya tarehe ya seti ya kwanza. Tunaomba kwa unyenyekevu zijazwe kabla hujaondoka ukumbini.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Kamati ya Kikundi