Nyumba za Kopachi

Rafiki yangu mpenzi Salma,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba mama amepata nafuu. Umelalamika kuwa nilikuahidi picha za nyumba za kijiji cha Kopachi, kule Chernobyl nchini Ukraine, nikakuletea picha za vichuguu vya nyasi. Sikukudanganya, Salma: nyumba zimo humo ndani.

Kabla ya ajali, Kopachi kilikuwa kijiji cha watu zaidi ya elfu moja, kilomita chache tu kutoka kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia. Kinu namba 4 kilipolipuka usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, watu wa mji wa Pripyat walipakiwa kwenye mabasi kesho yake, lakini wanavijiji walibaki na viazi vyao na ng'ombe wao hadi mwanzoni mwa Mei, ndipo nao wakaondolewa. Vijiji vingi viliachwa vioze vyenyewe, ila hiki kilizikwa. Kwa kuwa nyumba zake, nyingi za mbao, zilikuwa zimeingiwa na vumbi la mionzi, ilionekana afadhali zibomolewe na kufukiwa papo hapo. Lilikuwa jaribio, nami naliona lilifanywa kwa pupa, maana kufukia kuliisogeza sumu karibu na maji ya chini ya ardhi, na miongoni mwa sumu hizo imo plutoniamu, ambayo huchukua miaka 24,000 kupungua nusu. Na jina lenyewe, Kopachi, kwa Kiukreni maana yake ni wachimbaji!

Yalinusurika majengo mawili tu ya matofali, mojawapo likiwa chekechea. Ndani yake vitanda vya chuma vya watoto vingali vimepangwa safu, vimeliwa na kutu, na juu ya kimoja ameketi mwanasesere, ingawa nashuku kwamba aliketishwa hapo na mpiga picha fulani aliyetaka kututoa machozi. Kilichonitisha mimi kilikuwa nje: kiongozi wetu alikishusha kifaa cha kupimia mionzi kwenye shina la mti, nacho, kilichokuwa kikilia kwa vituo, kikaanza kulia mfululizo.

Picha ile ile nakurudishia ndani ya bahasha hii. Tazama kichuguu cha pili kutoka kushoto, chenye kibao cha alama ya mionzi. Hiyo ni nyumba.

Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Zuhura