Boti ya Pemba inahitaji ratiba ya mwaka mzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye boti za Unguja na Pemba, pamoja na wanaosimamia utalii wa visiwani. Viti vipo, na nauli ni nafuu kuliko ya ndege. Hata hivyo mawakala wa watalii wanaendelea kuwapandisha wageni wao ndege ndogo, hasa wanaokwenda Pemba. Sababu inayotajwa kila mara ni woga wa bahari. Woga upo na nitaufikia, ila kabla ya woga wakala anakwama kwa sababu hana cha kuuza. Hana ratiba ya mwaka ujao, hana bei yake, hajui masharti ya kurudishiwa fedha, na hana karatasi hata moja inayomthibitishia usalama wa chombo. Alicho nacho ni dirisha la tiketi, sawa na abiria mwingine yeyote.

Kampuni ya utalii ya Ujerumani au Uingereza hupanga bei zake karibu mwaka mzima kabla ya msimu. Mazungumzo mengi hufanyika kwenye maonyesho ya London ya Novemba na ya Berlin ya Machi, na mgeni atakayetua hapa Julai huenda alilipa amana Septemba ya mwaka uliotangulia. Boti ya Pemba haiondoki mara kadhaa kwa siku kama ya Dar es Salaam. Ina siku zake katika wiki. Siku hizo zikitangazwa mwezi mmoja kabla, wakala hathubutu kuandika "Jumatano, Malindi hadi Mkoani", yaani bandari ya Unguja hadi ya Pemba, kwenye safari aliyoiuza miezi kumi nyuma. Na boti ikihamishwa kutoka Jumatano kwenda Alhamisi, mgeni anaongeza usiku mmoja Unguja na kupoteza mmoja Pemba. Hoteli ya Unguja inadai, na ya Pemba nayo haisamehe chumba kilichokaa wazi. Wakala anazilipa zote mbili. Yakimkuta mara moja, mwaka unaofuata ataandika ndege.

Kwa hiyo ratiba ya Januari hadi Desemba itoke kabla ya mwisho wa Oktoba. Ramadhani haiwezi kuwa kisingizio, kwani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na mwandamo wa mwezi hauitikisi zaidi ya siku moja au mbili. Wiki ya Idd iwekewe alama tu kwamba safari zinaweza kuongezwa au kusogezwa. Siku ambazo chombo kinapanda chelezo kwa ukaguzi nazo hupangwa mapema. Ziandikwe, na iandikwe ni chombo gani kitashika zamu, maana boti ya kasi ikipokewa na meli ya polepole, safari iliyotazamiwa kwisha kabla ya adhuhuri inaweza kwisha jioni, na gari lililotumwa Mkoani kumpokea mgeni litakuwa limeshaondoka.

Kuhusu bei, wakala hahitaji nauli ya chini sana. Anahitaji nauli isiyobadilika katikati ya msimu na iliyo chini kidogo ya ile ya dirishani. Akinunua kwa bei ya dirishani ana njia mbili: afanye kazi bure, au aongeze chake juu, kisha mgeni aione bei ya kampuni ya boti kwenye simu na kujiona ameibiwa. Punguzo la asilimia 10 lililoandikwa kwenye mkataba, likiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, linatosha kumfungua mdomo. Kwa makundi, nafasi moja ya bure kwa kila abiria 15 wanaolipa inamfaa kiongozi wa msafara. Viti vishikiliwe bila malipo hadi siku 30 kabla ya safari, hapo wakala athibitishe idadi. Siku 14 kabla alipe na kuleta majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Kubadili jina kuruhusiwe bure hadi siku moja kabla, kwa sababu katika kundi la watu 16 hakosi mmoja wa kuugua na ndugu yake akashika nafasi. Lakini asiyeachia viti kwa wakati alipe. Pasipo tarehe hiyo, mawakala watatu watashikilia viti 60 kwa ajili ya watu 20 walewale, na boti itang'oa nanga nusu tupu huku dirishani wakisema imejaa.

Sasa usalama. Hatuwezi kuiuza bahari hii kana kwamba MV Spice Islander I haikuzama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, au MV Skagit haikuzama 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Mgeni anayetafuta habari za boti za Zanzibar kwenye simu yake atakutana na majina hayo, na kunyamaza kwetu hakuyafuti. Kwa wakala wa Ulaya jambo hili ni la kisheria pia. Tangu 1 Julai 2018, chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 kuhusu safari za vifurushi, aliyeuza kifurushi anawajibika kwa kila huduma iliyomo hata kama imetolewa na mtu mwingine. Boti ikiwa ndani ya kifurushi, wa kwanza kudaiwa ni yeye. Ndiyo maana hutuma fomu ndefu ya maswali. Fomu hiyo ikikaa ofisini wiki sita bila kujibiwa, yeye ameshapata jibu lake.

Faili anayoitaka haizidi kurasa chache: cheti cha ukaguzi wa chombo na tarehe ya kuisha kwake, idadi ya juu ya abiria inayoruhusiwa, bima ya abiria na kiwango chake, idadi ya jaketi za kuokolea maisha, za watoto zikitajwa peke yake, kwa kuwa viwango vya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, vinataka zisipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, namna orodha ya majina inavyoandaliwa na nakala yake inabaki kwa nani nchi kavu, na nani mwenye kauli ya mwisho ya kusimamisha safari. Mara nyingi kinachoharibu ni kidogo tu: cheti kipya kimetoka na kimebandikwa ukutani chomboni, lakini anachotumiwa wakala ni nakala ya cha mwaka jana. Apewe kazi hiyo mtu mmoja, jina lake na simu yake vijulikane.

Woga wenyewe unatulizwa kwa kumwambia mtu ukweli wa pepo. Dar es Salaam iko kusini ya Unguja. Upepo wa kusi unapovuma, tangu Aprili hadi Septemba na kwa nguvu zaidi Juni na Julai, boti inayotoka Dar inasukumwa na mawimbi kwa nyuma, na abiria wanashuka Malindi wakicheka. Ya kurudi inakwenda uso kwa uso na mawimbi, na ndiyo safari ambayo mabaharia hupita kati ya viti wakigawa mifuko ya kutapikia. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Njia ya Pemba ina hali hiyo hiyo, na zaidi: ni maili za bahari kama 55 kutoka Malindi hadi Mkoani, na ukishaipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kisiwa hakikukingi tena, mawimbi ya bahari kuu yanaingia kwa ubavu. Mgeni akielezwa hivyo kabla, hujiandaa. Akikuta mwenyewe katikati ya maji baada ya kuonyeshwa picha za bahari iliyolala kama kioo, huandika maneno makali mtandaoni, na watu mia wanayasoma.

Aambiwe pia pa kukaa. Chombo hupanda na kushuka zaidi mbele na juu. Kama chumba cha VIP kiko huko, anayechafukwa moyo haraka asiuziwe tiketi ya VIP mwezi wa Julai, hata kama ina faida kubwa zaidi. Kiti kizuri kwake ni cha chini, katikati au kuelekea nyuma, na anywe dawa kama saa moja kabla ya kuondoka, asingoje mpaka mate yaanze kumjaa mdomoni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, wakala anataka kujua mapema. Kampuni iamue na kumpigia kabla ya saa 12 jioni ya siku ya kuamkia safari. Na iwe imeandikwa tangu mwanzo kwamba safari ikisimamishwa kwa hali ya hewa, mgeni anachagua boti inayofuata au fedha zake zote, zilizorudi ndani ya siku zinazotajwa. "Njoo ofisini tutazungumza" si sharti la mkataba.

Kuna soko moja ambalo sielewi kwa nini halijaguswa: wapiga mbizi. Pemba inajulikana kwao duniani kwa kuta za matumbawe zinazoshuka kwenye mkondo wenye kina cha mita mamia. Mpiga mbizi anasafiri na vifaa vizito, wakati ndege ndogo mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu. Tena hushauriwa asiruke kwa ndege kwa angalau saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Anayerudi Unguja kwa ndege asubuhi anaipoteza siku yake ya mwisho majini; anayerudi kwa boti anazama mpaka jana yake jioni. Hoja hiyo iandikwe ukurasa wa kwanza wa kila barua inayokwenda kwa wauzaji wa safari za mbizi.

Kwa msafiri anayejitegemea, asiye na wakala, mambo ni mengine. Kwanza saa. Tiketi inaandika 12:30. Mtu wetu anasoma saa sita na nusu, anamtafsiria mgeni neno kwa neno, na mgeni anakwenda zake kutembea akijua atasafiri jioni. Tiketi ichapwe saa zote mbili, 12:30 na "saa 6 na nusu mchana", pamoja na saa ya kufungwa lango. Pili, papasi, yaani madalali wa mitaani. Kabla mgeni hajashuka vizuri kwenye teksi, mtu keshalishika begi lake na kumwambia kwamba boti imejaa ila yeye anazo tiketi. Nyingine ni za nauli ya mkazi; langoni pasipoti inatazamwa, tiketi inakataliwa, na mgeni analipa tena. Kampuni ziweke ramani ya ofisi zao na picha ya dirisha lenyewe, na ziseme wazi kwamba nauli ya mgeni na ya mkazi ni tofauti. Tatu, hati. Wageni wengi hawajui kwamba pasipoti huangaliwa ingawa nchi ni moja, wala kwamba tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya lazima ya dola 44 kwa mtu mzima. Kuelezwa hayo foleni ikiwa imeshafika mlangoni ni kuchelewa.

Mabegi yanayopangwa sitahani hulowa maji ya chumvi. Mgeni akijaribu kulifunika la kwake kwa mfuko wa plastiki, mifuko hiyo imepigwa marufuku. Turubali moja zito na kamba, linalofungwa kabla boti haijatoka gatini, linamaliza malalamiko hayo.

Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dar es Salaam kutoka Dodoma na Morogoro, na stesheni haiko mbali na gati la boti. Hao ni wasafiri wa ndani wanaoweza kuuziwa treni na boti kwa malipo mamoja, na sijaona tangazo lao hata moja.

Mwisho wa safari ni Mkoani. Atakayeshuka pale bila mwenyeji anahitaji mistari mitatu tu nyuma ya tiketi: Chake Chake ni kama kilomita 30, daladala ni namba 603, na nauli yake ni kiasi gani. Hapo hahitaji tena kumfuata mtu wa kwanza aliyemwita.

Mdau wa usafiri wa baharini,
Mkoani, Pemba