Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wakulima wa Mimea ya Akwariamu, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Naanza na mzigo ulionikosesha usingizi. Mwezi Februari nilimtumia mteja wa Mwanza anubiasi kumi na mbili na mafungu manne ya kriptokorine, mimea ya kupandwa ndani ya matangi ya samaki wa mapambo. Nilifunga mwenyewe, barazani kwangu Tabata, nikajaza maji kwenye kila mfuko nikiamini kwamba mmea wa majini lazima usafiri majini. Boksi lilishinda juani nje ya ofisi ya wakala wa basi, likaondoka kesho yake. Picha aliyonitumia mteja ninayo mpaka leo: majani yamelainika kama mchicha uliochemka, maji yamegeuka rangi ya chai. Nilimrudishia fedha zake zote.

Kutokana na hasara ile, na zenu mlizonisimulia, tulikubaliana namna moja ya kufunga. Njiani mmea unataka unyevu tu. Viringisha mizizi na tunguu, yaani shina nene linalotoa mizizi, kwa gazeti lililoloweshwa kisha likakamuliwa, acha hewa ndani ya mfuko, funga kwa mpira. Panga kwenye boksi jeupe la kutunza baridi. Chupa ndogo ya maji yaliyoganda ifungwe kwa gazeti na ikae pembeni, isiguse majani. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023, kwa hiyo peleka mzigo kituo cha mabasi cha Mbezi Luis jioni na usiondoke mpaka uuone ukiingia kwenye buti. Ijumaa tusitume. Tangu nianze kufuata utaratibu huu sijapoteza boksi hata moja, na Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Malalamiko yaliyobaki ni ya kriptokorine kupukutika majani baada ya kupandwa. Wengi wetu tunazikuza nje ya maji, kwenye unyevunyevu, na zikizamishwa huacha majani ya zamani na kuchipua mapya. Mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa, asije akang'oa mizizi iliyo hai na kuitupa. Vilevile aambiwe asizike tunguu la anubiasi kwenye mchanga, maana litaoza; alifunge kwenye jiwe au gogo.

Kuhusu mbu, jirani wa mwanachama mmoja alipeleka malalamiko serikali ya mtaa, na kwa maoni yangu alikuwa na haki. Jiji hili liliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda kuzaliana kwenye maji yaliyotulia ya majumbani, ndiyo haya ya mabeseni yetu. Kila beseni lenye maji liwe na gapi, wale samaki wadogo, wawili watatu wa kula viluwiluwi, au lifunikwe kwa neti. Nimepita kwa wanachama saba na kuwapelekea gapi. Ambaye bado hana aje achukue, siuzi.

Sasa jambo lililotugawa. Wapo wanaotaka turuhusiwe kuuza gugu maji, kwa kuwa ua lake la zambarau linapendwa na halihitaji matunzo. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Gugu hili asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu hiyohiyo ya uzuri wa ua. Ziwa Victoria limehangaika nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wavuvi wameshindwa kutoa mitumbwi, mialo imezibwa. Linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Nawaelewa wenye ada za shule za kulipa, lakini mteja akichoka nalo atalimwaga mtaroni, na mtaro unaishia mtoni. Salvinia, gugu jingine linaloelea, nayo tusiiguse.

Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, tuache kuchuma mimea mitoni na kuipeleka moja kwa moja kwa mteja. Baadhi ya konokono wanaojificha kwenye majani hayo hubeba kichocho. Mmea wa porini ukae kwenye beseni la peke yake wiki kadhaa, ukikaguliwa chini ya kila jani kama kuna ute wa mayai.

Hesabu za fedha mweka hazina atazisoma mkutanoni, pamoja na risiti. Wenye nia ya kuuza nje ya nchi wabaki baada ya kikao tuzungumzie cheti cha afya ya mimea, kwani bila hicho mzigo hauvuki mpaka. Na kila mmoja aje na mche mmoja aliouchuma porini, ndani ya chupa iliyofungwa. Tutaikagua pamoja mezani, nitakuja na lenzi.