Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: Tunaomba chumba kimoja na daftari

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Manispaa ya Lindi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la wengi. Mkoa wetu haujapungukiwa na watu wa kujitolea. Tunachokosa ni mahali pa kuwapata kabla shida haijabisha hodi.

Kimbunga Hidaya kilipotupiga Mei 2024, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga. Kabla ya hapo, Januari 2020, mafuriko yalikuwa yamewatoa watu majumbani kwao kule Kilwa. Nyakati kama hizo watu hutoka kusaidia bila kuitwa, na hilo ni la kushukuru. Lakini aliyetoka bila kuitwa hafahamiki. Nani fundi wa mashine za boti? Nani muuguzi mstaafu? Nani ana bodaboda, na nani anaijua njia ya ndani inayopitika barabara kuu ikifungwa? Tunaanza kuulizana watu wakiwa wamekwisha lowana. Hata misaada hufika vivyo hivyo: nguo zinarundikana huku, na kule wanatafuta vyandarua na dawa ya kutibu maji.

Najua sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Ni vizuri. Ila kamati kazi yake ni kuamua. Wa kubeba machela ni wengine, na hao hawamo kwenye orodha yoyote.

Ndiyo maana naomba mkoa uwe na kituo cha watu wanaojitolea. Shule, zahanati, ofisi za kata na Msalaba Mwekundu waseme pale wanahitaji nini. Mwananchi naye aseme anajua nini na ana saa ngapi kwa wiki. Kituo kiwakutanishe, kiwape mafunzo ya huduma ya kwanza, kisha kifuatilie kama kazi imefanyika.

Nitoe mfano usiohusu maafa. Sehemu kubwa ya damu inayochangwa nchini hutoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Desemba, akiba hushuka, lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri muhula uanze. Mwanamume mwenye afya njema anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kwa hesabu hiyo, daftari la wachangiaji watu wazima likipangwa vizuri, mtu anapigiwa simu zamu yake inapofika. Leo ndugu wa mgonjwa ndio wanaohangaika kutafuta wachangiaji huku wenyewe wamechanganyikiwa.

Sasa niseme lisilopendwa kusemwa: kujitolea kuna gharama. Kijana wa Liwale hawezi kujilipia nauli mpaka mjini aje afundishwe, alale kwa kubahatisha, halafu arudi na asante. Anayeingia kwenye maji ya mafuriko anahitaji buti na glovu. Akiumia, nani atamtibu? Kituo kisicho na bima ya ajali kwa watu wake ni afadhali kisifunguliwe.

Na kisigeuzwe njia ya kupata wafanyakazi wasiolipwa. Tunao vijana wenye vyeti vya ualimu wanaofundisha kwa kujitolea mwaka baada ya mwaka wakingoja ajira. Hapo kuna nafasi ya kazi iliyoachwa wazi, nayo ijazwe kwa mshahara. Mwongozo wa kituo useme wazi kazi zipi hakizigusi, na mtu asijitolee kwa muda usio na kikomo. Michango ya lazima nayo isipitishwe kwenye mlango huo. Wananchi wakishaona hivyo, hawatarudi.

Kuhusu wakati, usiwaachie wa semina wapange tarehe zao. Korosho zikianza kuanguka, mashambani hutampata mtu, na ukimpata hatakusikiliza. Msimu huo unapoisha mvua nazo zinakuwa zimefika. Uandikishaji ungefanyika mapema, vijijini, kwenye mikutano ambayo watu tayari wanakwenda.

Tarehe 5 Desemba dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaojitolea. Fulana na turubai za sherehe tunaweza kuziacha mwaka huu. Pesa hiyo inatosha kununua madaftari na makoti kadhaa ya mvua.

Mheshimiwa, jengo la serikali lenye chumba kisichotumika halikosekani mjini hapa. Kufagia, kupaka rangi na kutengeneza meza tutafanya wenyewe, mafundi tunao. Tusichoweza ni mshahara wa mhudumu mmoja wa kudumu na hiyo bima. Hivyo viwili ndivyo tunavyoomba viingie kwenye bajeti ijayo ya mkoa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Manispaa ya Lindi